Mgeni Asiyeulizwa Jina

Mnanichosha. Kila mjukuu anayeshuka kwenye basi anaanza na hilo hilo: Bibi, tusimulie ya jini wa kompyuta. Hamuulizi magoti yangu yanaendeleaje, hamuulizi kama nimekula. Mkisikia jini mnachekelea kama mmeletewa maandazi. Basi nimeamua kuiandika mara moja, kwa mwandiko wangu huu huu wa darasa la tatu, atakayetaka asome mwenyewe na aniache nichambue choroko zangu kwa amani.

Nyumba ni hii ya Mwajabu, mtoto wa marehemu dada yangu, hapa Nkuhungu. Sisi ni Warangi, asili yetu Kondoa, milimani, Dodoma tulifuata maisha. Mwajabu ni mjane mwenye watoto wawili: Mudrick, aliyesomea kompyuta chuo kikuu mpaka akaanza kutembea kifua mbele, na mdogo wake Nasra, anayefundisha watoto madrasa. Nasra Mungu alimpa sauti. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Watoto wetu wengi nimewaambia waziwazi kwamba wakiimba kuku wanaacha kutaga. Lakini Nasra akisoma Kurani, wapita njia walikuwa wanapunguza mwendo. Sauti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na heshima yake, na bila hiyo angekuwa msichana kama wengine, mwembamba, mwenye aibu.

Mudrick alikuwa anafanyia kazi chumba cha uani pamoja na Ikram, mchumba wake, waliosoma wote chuo. Posa ilikuwa imeshapokelewa, ikangojwa ndoa tu. Ili majirani wasipate cha kutafuna, Nasra akawa anakaa nao humo mchana kutwa, na kwa kuwa anakaa bure wakamtia kazini. Kulikuwa na zahanati mpya iliyotaka kompyuta ya kuita wagonjwa kwa majina, na sauti iwe ya mtu, si ile ya bati. Nasra akarekodiwa akitamka majina ya watu, na "chumba namba moja," na "chumba namba mbili," maana zahanati ile vyumba vya daktari ni viwili tu.

Sasa hapa nisikilizeni, maana mimi mwenyewe Ikram alinieleza mpaka akachoka. Kwenye kompyuta kuna dirisha jeusi. Halina picha wala kitufe. Unaandika amri mstari mmoja, nalo linatii. Humo kuna kijiprogramu ambacho kazi yake ni utumishi. Ukikiandikia, kinakwenda mtandaoni kukuletea kiunzi cha programu, yaani kama nyumba iliyokwisha kusimamishwa nguzo na paa, wewe kilichobaki ni kukandika na kupanga vyombo. Unakitajia toleo unalotaka na aina ya kompyuta yako, kinakwenda, kinarudi nacho. Na kabla ya kukiingiza ndani kinakikagua. Waliounda kiunzi huwa wametangaza alama yake. Alama zikifanana, karibu. Zisipofanana, kinakataliwa mlangoni.

Nilimwambia Ikram huyo mtumishi amelelewa vizuri. Nyumbani kwetu mtu akipiga hodi unauliza, "Nani?" Akijibu "Mimi," hufungui. Mimi ndiye nani? Hata mwanangu wa kumzaa akisema "mimi" namwacha nje mpaka ajitaje jina na la baba yake. Viumbe vingine vinajua kubisha hodi, vinajua kusema "mimi," lakini jina lao havilitoi.

Ilikuwa Julai, upepo unachapa, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Zahanati ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na kiunzi cha Mudrick kikaharibika ikabidi kivutwe kingine. Akaandika amri yake. Dakika ile ile Mwajabu akaingia na pasi mkononi, akachomoa waya wa ile ruta inayoleta mtandao, akachomeka pasi. Mwajabu ndivyo alivyo. Mkimwambia kitu ni cha muhimu anauliza kama kinazidi sare ya Nasra ya madrasa.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Nikamsikia Ikram anasema polepole, "Mudi. Ruta imezimwa."

"Naona."

"Sasa hiki kinachoshuka kinatoka wapi?"

Kwenye lile dirisha jeusi kamstari kalikuwa kanajaa, kanajaa, hakagandi hata kidogo kama kanavyoganda siku zote. Kakafika mwisho. Kisha likaandikwa neno, Ikram akalisoma kwa sauti: alama hazifanani, sikuingiza.

"Kifute," Ikram akasema. "Mama akimaliza kupiga pasi tutavuta upya."

"Upya tena? Jumatatu ndiyo hiyo, Ikram. Kimeshafika."

"Kimefika kutoka wapi?"

"Kompyuta ilikuwa nacho mahali, imekikumbuka. Wewe nawe, kama Bibi."

"Mume wangu," nikamwambia, maana mjukuu wa kiume ndivyo ninavyomwita, "kama Bibi ni tusi, basi chakula cha mchana upike mwenyewe."

Akacheka. Akairudia amri ile, safari hii akaongeza neno moja mwishoni. Nilikuja kuambiwa baadaye lina maana gani. Lina maana: usikague. Yeyote aliyepo hapo mlangoni, mwache apite. Na mtumishi ni mtumishi. Akatii, mgeni akapita.

Hapo ndipo nikasikia harufu ya mvua. Mnaijua Dodoma. Mvua ikishatuaga Aprili haiturudii mpaka Desemba huko. Na hapa ni Julai, mbingu nyeupe kama ganda la yai, lakini uani kulikuwa kunanuka udongo uliolowa, harufu nzito ya tone la kwanza kwenye vumbi, nayo ilikuwa inatoka chumbani ikija nje.

Jumamosi alasiri Mudrick akataka kuijaribu programu. Akapanga mabenchi uani, akasema sisi ndio wagonjwa. Akaja pia jirani yetu Paulina, Mgogo, mjane wa Zablon Malogo aliyefariki mwaka juzi, mama wa kanisani lakini mtani mkubwa.

"Nyie Warangi mnaniita bure," akasema akikaa. "Mimi sina ugonjwa. Labda ugonjwa wa kukaa jirani na nyie."

"Huo hauna dawa," nikamjibu. "Mwandike, Mudrick. Andika anaumwa mdomo."

Jina langu mimi nilikataa lisiingizwe. Akaandika la Paulina na la mama yake mzazi, Mwajabu. Spika ikakoroma, kisha sauti ya Nasra ikatoka, tamu kabisa: "Paulina Malogo, chumba namba moja." Tukapiga makofi. Paulina akanyanyuka, akajishika kiuno, akachechemea mpaka mlangoni na kurudi, tukacheka mpaka Mwajabu akatoa machozi.

"Mwajabu Hamisi, chumba namba mbili."

Tukacheka tena. Spika ikanyamaza. Ikakoroma.

"Zablon Malogo, chumba namba tatu."

Hakuna aliyecheka. Paulina alikuwa bado kasimama. Akamtazama Mudrick usoni, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, utani una mipaka."

"Mama Paulina, naapa sijaandika mimi."

"Nasra," Ikram akauliza, "ulirekodi namba tatu?"

Nasra akatikisa kichwa. Uso ulikuwa umempauka. "Sijawahi kuitamka," akasema. "Wala jina la marehemu sijalitamka."

Paulina alichukua kanga yake akaondoka bila kuaga. Mudrick akabaki anabonyezabonyeza, anasema ni data za majaribio, ni hitilafu ndogo. Lakini nilimwona anakwepa macho ya Ikram.

Kesho yake, Jumapili, jua la utosi, Nasra alikuwa peke yake uani anaanika nguo. Sisi wengine tulikuwa ndani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kompyuta ile ya mezani isiyo na betri imezima kama jiwe, na mlango wa chumba umefungwa kwa kufuli. Nikasikia, sote tukasikia, sauti ya Nasra ikiita kutoka nyuma ya kufuli lile, kwa utaratibu na adabu, kama anavyowaita watoto wa madrasa:

"Nasra Abdulrahim, chumba namba tatu."

Na Nasra, mtoto aliyelelewa, mtoto ambaye tangu anajifunza kusimama tulimfundisha kwamba ukiitwa unaitika papo hapo na si kungoja kuitwa mara ya pili kama ng'ombe, akaitika.

"Abee."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Nilipotoka nilimkuta kashika shati lililolowa, mdomo wazi, anajitahidi kusema kitu, shingo imemsimama mishipa, na hakitoki kitu, hata pumzi yake ilikuwa haisikiki, na harufu ya mvua imejaa uani mpaka nikainua uso wangu juu kutafuta wingu.

Hospitali walimmulika koo wakasema ni zima, apumzike. Tukarudi naye. Jumatatu zahanati ilifunguliwa bila kompyuta ya Mudrick, wagonjwa wakaitwa na muuguzi kwa mdomo, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Mudrick aliandika kwenye dirisha lake amri ya kukitoa kile kiunzi. Dirisha likajibu: kimeondolewa. Na mle ndani sauti ya mdogo wake ikaendelea kuongea.

Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, kwamba haikuita majina tu tena bali iliongea ya nyumbani, mambo madogo madogo, "Mama, maji yamechemka," "Mama, njoo unisuke," asubuhi wakati wa chai, mchana wakati wa kulala, na Mwajabu anaanza kunyanyuka kwa mazoea ya mama, kumbe Nasra kakaa miguuni pake pale pale, midomo imefungwa, anamvuta gauni asiende, anaandika kwenye simu: Mama usiitike, siyo mimi.

Na kadiri sauti ile ilivyozidi kuongea, ndivyo Nasra alivyozidi kunyamaza, na simaanishi mdomo tu. Siku moja alikohoa na kikohozi hakikusikika. Siku nyingine akapita nyuma yangu amevaa ndala kwenye sakafu ya saruji na sikusikia hatua, nikageuka nikashtuka kumwona. Akaangusha bilauri mbele yetu, ikavunjika vipande vipande kimya kimya, kama inavunjika ndani ya pamba, na sekunde hiyo hiyo tukasikia bilauri inavunjika kule chumbani nyuma ya kufuli. Alikuwa anahama. Kidogo kidogo, kila alichonacho cha kusikika kilikuwa kinahamia kule, na mimi nilijua, na Mwajabu alijua, ingawa hatukuambiana, kwamba siku kikiisha kuhama chote, na mwenyewe atakwenda.

Ikram akamfuata Mudrick jikoni. Nilikuwa natwanga, wakadhani sisikii.

"Mwambie mama yako ulichoandika."

"Ili iweje? Nimeshakitoa."

"Hujakitoa. Mwambie, ama nitasema mimi."

"Ukisema, baba yako ataniona mimi ni nani? Utaniharibia, Ikram. Nipe nafasi, nitarekebisha."

Mdogo wake anafutika, yeye anahesabu sura yake kwa baba mkwe. Niliacha kutwanga, nikapiga simu Kondoa kwa Bi Mwamvua, ambaye kwetu ndiye anayefukuza majini.

Bi Mwamvua alifika na basi la asubuhi. Msidhani ni mtu wa kutisha. Ni kibibi kifupi, kimevaa makobazi ya mpira wa gari, kilichoingia kikilalamika kwamba kondakta kamkalisha juu ya gurudumu. Alikunywa uji wote kwanza. Kisha akaenda mlangoni kwa kile chumba, akanusa, akarudi. Ubani wake hakuutoa hata mfukoni.

"Hili sifukuzi," akasema.

Mwajabu akalia, "Bi Mwamvua, kwa nini? Mtoto anakwisha!"

"Linaloingia kwa dirisha au kwa wizi nalifukuza. Hili limekaribishwa. Nani kalifungulia?"

Kutoka chumbani sauti ya Nasra ikasema taratibu, "Mwambie, kaka."

Mudrick akatazama chini. "Sijui," akasema.

"Mwambie, kaka," ikarudia, na nyuma ya maneno ikaja nyingine, pumzi ya Nasra, tulivu, ndani nje, ndani nje. Tukamgeukia Nasra kwenye mkeka tukaona kifua kimesimama, macho yamemtoka, anajishika koo.

"Mimi!" Mudrick akapiga kelele. "Mimi, Bi mkubwa! Mtumishi alikikataa, akasema alama hazifanani, nikamwandikia asikague! Mimi niliyemwambia asiulize!"

Bi Mwamvua akamtazama kama mtu anavyotazama sufuria lililoungua. "Sasa sikiliza, msomi. Mimi kufukuza ni kwa jina. Nasema: toka, wewe fulani bin fulani, kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Huyu nitamwambia toka wewe nani? Aliingia bila kuulizwa jina, na hatatoka bila jina. Apewe, aondoke nalo."

"Apewe langu," Mwajabu akadakia. "Mimi nimezeeka."

"Anatoa aliyefungua."

Mudrick akauliza kitu kinachonifanya mpaka leo nimhurumie kidogo, kidogo tu. Aliuliza, "Nikilitoa, mimi nitaitwaje?"

"Hutaitwa," Bi Mwamvua akasema. "Kaandike. Ulipomfungulia ndipo umpe."

Mudrick akafungua kufuli. Umeme haukuwepo, na dirisha lile jeusi lilikuwa linawaka, na harufu ya mvua ilitoka humo nzito kiasi kwamba sakafu niliiona kama imelowa, na Nasra nyuma yetu alikuwa anapiga mkeka kwa viganja bila mlio wowote huku ule mlio wa viganja ukisikika humo ndani mbele yetu, unadhoofika, unadhoofika, na kijana akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha vidole, akaviondoa, akamtazama Ikram aliyesimama mlangoni anayelia, akaviweka tena, akaandika jina lake na la baba yake, akabonyeza.

Sauti ya Nasra ikaita mara ya mwisho, kwa adabu.

"Mudrick Abdulrahim."

Nilikuwa namtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa, meno yameuma midomo. Na bado mtu akaitika, "Naam," sauti ya kiume, pembeni yake kabisa, sikioni pake. Kitu kikatupita mlangoni, baridi, nguo zangu zikalowa upande mmoja. Nyuma yetu Nasra akakohoa. Alikohoa kwa kelele, kikohozi kibaya cha mtu aliyenyongwa, na mama yake akamwangukia hapo hapo mkekani. Bi Mwamvua akasema anataka kuwahi basi la jioni.

Nasra yuko madrasa mpaka leo, anasoma kama zamani. Akiitwa haitiki mpaka aje amwone anayemwita, na watoto wanamwona ana kiburi. Waache wamwone hivyo.

Kakake alidhani imekwisha. Tulimshauri atumie jina la babu yake, Abbasi, na mtaani alijaribu, likawa halimshiki. Watu wanalisahau wakiwa bado wanaongea naye. Ndoa ikawadia, Ikram hakumkimbia. Wakakaa sebuleni kwa baba yake, mashahidi kushoto na kulia, na shehe, ambaye hakuna aliyethubutu kumweleza, akasoma jina kwenye kitambulisho kama inavyotakiwa: "Ewe Mudrick bin Abdulrahim, nakuozesha Ikram binti Charahani." Kijana akafumbua mdomo. Kabla hajatoa neno, nje ya dirisha mtu akasema, wazi, kwa furaha, "Nimekubali."

Mashahidi wote walisikia. Mmoja alitoka kutazama, akarudi viatu vina tope. Baba yake Ikram akamshika binti yake mkono, akampeleka chumbani, akafunga mlango. Hajamtoa kwa mume mwingine hadi sasa, maana mashehe hawajakubaliana kama binti yule ni mke wa mtu, na kama ndiye, ni wa nani.

Hicho ndicho alicholipa. Jina lake mimi naliandika, silitamki. Kazini hawamwiti, simu yake hailii, na msikitini anakaa safu ya nyuma karibu na viatu. Mwajabu akitaka mwanawe aje kula, hupiga makofi mawili kama anayefukuza kuku, naye huja.